Mkonge wa Vipingo, Moshi wa Kilindini

Robota la mkonge linalotoka mashamba ya Vipingo, kusini mwa mji wa Kilifi, hupita kwao mara mbili. Mara ya kwanza liko juu ya lori, likiteremka barabara ya Malindi kuelekea Mombasa. Mara ya pili liko baharini. Likishatiwa kontenani pale bandarini Kilindini, kama soko lake ni Ulaya au Ghuba, mara nyingi huchukuliwa na meli ya wastani inayoelekea kaskazini, Salalah ya Oman au Jebel Ali ya Dubai, na huko kontena huhamishiwa meli kubwa zaidi. Njia hiyo hupita mkabala wa Mtwapa, Vipingo, Kilifi, Watamu na Malindi, mbali nje ya miamba, mahali ambapo mvuvi aliye katika mashua huona moshi kabla hajaiona meli yenyewe.

Zamani nyuzi kama hizo zilisokotwa kamba za kufungia meli gatini. Leo kamba za meli kubwa ni za nyuzi za viwandani kama nailoni, na mkonge umekuwa abiria pamoja na chai ya Kericho, kahawa ya Nyeri na parachichi za Murang'a. Upande wa kurudi huja mchele wa Pakistan, mitumba, vigae, simu na vipuri vya bodaboda. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilihudumia makontena zaidi ya milioni 2 kwa kipimo cha futi 20, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia. Ingia duka lolote la Malindi, au kibanda chochote cha Gongoni, utakuta kitu kilichoteremshwa Kilindini ndani ya mojawapo ya makontena hayo.

Nyingi ya meli hizi huchoma mafuta mazito, yaani masalio yanayobaki baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa kwenye mafuta ghafi. Tangu tarehe 1 Januari 2020, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, lilishusha kiwango cha salfa kinachoruhusiwa ndani ya mafuta hayo kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Hatua hiyo ilipunguza ukali wa moshi kwa mapafu ya watu wa bandarini. Kaboni haikuguswa. Kila tani ya mafuta ikiungua huacha angani takriban tani tatu za hewa ya kaboni, kwa sababu kaboni iliyomo huungana na oksijeni na uzito wake kuongezeka.

Utafiti wa nne wa IMO kuhusu gesi joto ulihesabu kwamba usafiri wa meli duniani ulitoa tani milioni 1,076 mwaka 2018, karibu asilimia 3 ya uchafuzi wote unaosababishwa na binadamu. Kwa mwaka mzima wa 2015, Kenya ilijihesabia tani milioni 93.7, ukijumlisha ng'ombe, magari, viwanda, misitu iliyokatwa na majiko ya makaa. Yaani moshi wa meli peke yake unazidi wa nchi yetu kwa zaidi ya mara kumi.

Lazima meli itendewe haki hapa. Kwa kila tani ya mzigo inayosogezwa kilomita moja, ni vyombo vichache vya kisasa vinavyobeba vitu vingi kwa moshi kidogo kama meli kubwa. Lori linalolitoa lile robota Vipingo hadi Kilindini huchafua mara kadhaa zaidi kwa kila tani kwa kila kilomita. Ndege ndiyo isiyosemeka, na wakulima wa maua wa Kenya walioanza kuhamisha shehena zao kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi kuzipeleka Mombasa wamefanya jambo jema. Tatizo la meli ni wingi wake, na kwamba kwa miaka mingi moshi wake haukuwa na mwenyewe. Hewa chafu ya kiwanda cha Mombasa huandikwa kwa jina la Kenya. Hewa chafu ya meli iliyo katikati ya bahari, inayomilikiwa na kampuni ya nchi moja, inayopeperusha bendera ya nchi ya pili na kubeba mali ya nchi ya tatu, haikuandikwa kwa yeyote.

Lakini pwani hii imeandikiwa madhara. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika. Miaka 30 baadaye, mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe ndani ya hifadhi hizo yakageuka meupe na kufa kwa wingi, ingawa sheria ilikuwa imezuia nyavu na baruti. Askari wa hifadhi hawezi kulikamata joto. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilikata barabara ya Mombasa na Malindi pale Mbogolo, na kwa muda abiria, wagonjwa na mboga zikakwama kila upande. Siwezi kuonyesha meli fulani na kusema ndiyo iliyoleta mafuriko yale. Ninachojua ni kwamba joto la bahari ni jumla ya moshi wote, na wa meli umo.

Basi nini kifanyike? Mazungumzo ya dunia huanzia kwenye mafuta mapya. Mimi ningependa tuanzie kwenye saa.

Ukisimama penye nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi, mwongoza watalii atakueleza juu ya Wareno na msalaba wao. Kisa kinachonivutia zaidi ni cha upepo. Tarehe 24 Aprili 1498 da Gama aling'oa nanga Malindi akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji. Kusi ilikuwa inaanza. Alifika pwani ya Calicut chini ya siku 30, bila taabu kubwa. Wakati wa kurudi alikosa subira. Aliiacha pwani ya India mapema Oktoba, kabla kaskazi haijakomaa, bila rubani mwenye kujua majira. Safari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye, na waliofika Malindi Januari 1499 walikuwa hoi.

Meli zilikuwa zile zile, na bahari ile ile. Kilichotofautiana ni kujua wakati wa kuondoka. Manahodha wa pwani hii waliishi kwa ujuzi huo mamia ya miaka. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba, vyombo vilishuka kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi vikiwa na tende, chumvi, mazulia na vyombo vya udongo. Kusi ikishika, vilipanda na boriti za mikoko, nafaka na pembe. Mwaustralia Alan Villiers alipopanda jahazi la Wakuwaiti msimu wa 1938 na 1939, biashara hiyo bado ilikuwa hai. Walishuka na tende na chumvi hadi Rufiji na kurudi wamejaza boriti. Mzigo ulisubiri upepo, na mfanyabiashara alipanga mwaka wake kwa kufuata mzigo.

Sisemi turudi kwenye jahazi. Hata jahazi kubwa lilibeba tani mia kadhaa tu, na meli za leo zilizo kubwa kabisa hubeba makontena zaidi ya 20,000. Ni kweli pia kwamba tanga linarudi kwa sura nyingine. Agosti 2023 meli ya shehena Pyxis Ocean ilianza safari ikiwa na mbawa mbili ngumu zenye urefu wa mita 37.5 zilizosimamishwa sitahani. Mwaka huo huo meli ya Kifaransa iitwayo Canopée, inayovusha Atlantiki vipande vya roketi ya Ariane 6 hadi kituo cha kurushia cha Kourou, ilifungwa mbawa nne. Habari hiyo inapaswa kumgusa mtu wa Ngomeni, kwa kuwa ng'ambo kidogo ya kijiji chake, kwenye majukwaa ya San Marco, ndiko satelaiti ya Uhuru ilikorushwa tarehe 12 Desemba 1970. Ila meli ya makontena ina shida yake: sitaha yote imefunikwa na masanduku, tena kreni za bandarini lazima zipite juu yake. Mbawa zina nafasi ndogo. Upepo utasaidia, hautabeba yote.

Kitu ambacho meli ya makontena inaweza kukichukua kwa nahodha wa zamani, leo hii, bila kuunda chombo kipya, ni mwendo. Nguvu inayotakiwa kuisukuma meli majini hupanda kwa kasi kuliko mwendo wenyewe. Ukipunguza mwendo kwa asilimia 10, nguvu ya injini inayohitajika hushuka kwa zaidi ya robo. Kwa kuwa safari huchukua muda mrefu zaidi, akiba ya mafuta kwa safari nzima ni kama asilimia 19. Meli kubwa ikienda maili 24 za baharini kwa saa huweza kuchoma zaidi ya tani 200 za mafuta kwa siku moja. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, wakati mizigo ilikuwa michache na mafuta ghali, kampuni zilipunguza mwendo na zikashangaa jinsi gharama ilivyoshuka. Hazikufanya hivyo kwa ajili ya matumbawe ya Watamu, lakini matumbawe yalifaidika.

Mafanikio hayo ni mepesi kupotea. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalipozifukuza meli kutoka njia ya Suez, nyingi zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya kati ya Asia na Ulaya ikaongezeka zaidi ya maili 3,000. Ili kufidia siku, manahodha wengine waliongeza mwendo. Parachichi za Kenya zilizokuwa zikienda Ulaya kwa makontena ya baridi zilikaa baharini wiki kadhaa zaidi, na wauzaji wakapata hasara kwa matunda yaliyofika yamelainika.

Kuna upotevu mwingine ambao hauhitaji vita, na huu unaihusu Mombasa moja kwa moja. Mikataba mingi ya kukodi meli humtaka nahodha aende kwa haraka yote inayowezekana. Hata akiambiwa njiani kwamba gati halitakuwa tupu kwa siku tatu, akipunguza mwendo anaweza kuonekana amevunja mkataba. Kwa hiyo hukimbia, huchoma mafuta, hufika, kisha hutia nanga nje na kungoja, jenereta zikiunguruma usiku na mchana. Kilindini imekuwa na vipindi vya msongamano ambapo meli zimepanga foleni nje kwa siku nyingi. Utafiti uliochapishwa chini ya IMO mwaka 2022 ulionyesha kwamba kama meli za makontena zingepangiwa muda wa kufika na kurekebisha mwendo kwa safari nzima, zingeokoa takriban asilimia 14 ya mafuta na hewa ya kaboni.

Asilimia 14, bila mafuta mapya, bila mbawa, bila mkopo wa Benki ya Dunia. Kinachotakiwa ni taarifa: Mamlaka ya Bandari Kenya, KPA, imwambie nahodha mapema na kwa uhakika gati lake litakuwa tayari saa ngapi; forodha ikague mizigo kwa wakati ili kontena zisijae uwanjani; reli na malori yaondoe mzigo bila kukwama; na mikataba iruhusu meli kuchelewa kwa makusudi. Kila mhusika wa mambo haya ana ofisi Mombasa. Naamini hapa ndipo Kenya inapoweza kupunguza moshi wa meli kwa haraka kuliko mahali pengine popote, na nasikitika kwamba jambo hili halipati hata robo ya maneno yanayomwagwa kuhusu teknolojia za kesho.

Jambo la pili ni umeme wa gatini. Meli ikifungwa gatini bado inahitaji taa, pampu, na zaidi ya yote baridi ya makontena ya nyama, samaki na matunda. Umeme huo huzalishwa na jenereta za meli yenyewe kwa kuchoma mafuta, na moshi wake huelekea mitaa ya Likoni, Changamwe na kisiwani kulingana na upepo. Dawa inajulikana: waya mnene kutoka nchi kavu, meli ichomeke, jenereta zizimwe. Mpango wa namna hiyo umetajwa kwa miaka mingi katika mipango ya bandari ya kijani ya KPA.

Kwa nchi nyingi waya huo huhamisha moshi tu, kwani umeme wenyewe unatoka kwenye makaa ya mawe. Kenya iko katika hali tofauti, na sijui kwa nini hatujisifu vya kutosha kwa hili. Karibu asilimia 90 ya umeme wetu unatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo wa Turkana na jua. Kilifi yenyewe ina kiwanda cha umeme wa jua pale Langobaya, bara ya Malindi, kilichoanza kuzalisha mwishoni mwa 2021 na chenye uwezo wa kuingiza megawati 40 kwenye gridi ya taifa. Meli ya makontena ya ukubwa wa wastani ikiwa gatini hutumia megawati moja hadi tatu hivi. Wakati wa mchana, jua la Langobaya lingeweza kuzima jenereta za meli nyingi zinazofunga Kilindini kwa wakati mmoja. Usiku mvuke wa Olkaria ungeshika zamu.

Kikwazo kimoja hakifichiki. Agosti 2023 nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi, uwanja wa ndege wa Nairobi ukiwemo, na hali hiyo ikajirudia baadaye. Mhandisi wa meli mwenye makontena 300 ya nyama iliyogandishwa hatazima jenereta zake kwa kuiamini gridi inayomzimia. Betri kubwa karibu na bandari, na nyaya imara zaidi kati ya Malindi na Mombasa, ni sehemu ya kazi ya kusafisha meli hata kama hazina harufu ya bahari. Watu wa Uyombo, Kilifi, waliopinga kwa nguvu pendekezo la kujenga kinu cha nyuklia kwao, walitukumbusha pia kwamba umeme safi nao una wenyeji wa kuulizwa kwanza.

Nije sasa kwenye mafuta yenyewe. Meli iliyo katikati ya bahari haina waya. Kampuni ya Maersk ilizindua Septemba 2023 meli ndogo ya makontena, Laura Maersk, inayoweza kutumia methanoli, na mwaka uliofuata ikaanza kupokea meli kubwa za makontena 16,000 za aina hiyo. Wengine wanaagiza meli za gesi asilia. Hizi za gesi naziona kama kuhama shimo moja kuingia jingine: methani kidogo ikivuja kutoka kwenye injini bila kuungua, hushika joto kwa nguvu kuliko hewa ya kaboni, na faida yote huweza kupotea. Kundi la tatu linaitazama amonia, ambayo haina kaboni hata chembe.

Amonia si ngeni kwa mkulima. Ndiyo msingi wa mbolea ya yuria na nyinginezo anazonunua kwa bei ya kuumiza. Ikitengenezwa kwa haidrojeni iliyotolewa majini kwa umeme safi, inaweza kuendesha meli au kustawisha mahindi. Mkakati wa haidrojeni ya kijani ambao Kenya iliuzindua Septemba 2023 uliweka mbolea mbele, na naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Ganze, huku Kilifi, ina familia zinazosubiri chakula cha msaada kila ukame unapopiga. Ingekuwa dhambi mvuke wa Olkaria ugeuzwe mafuta ya kusafirisha viatu kutoka Uchina hadi Ulaya wakati shamba la Ganze halina mfuko wa mbolea. Waswahili husema usisafirie nyota ya mwenzio. Namibia, Misri na Morocco zina jangwa, jua na bandari. Waache wauze mafuta ya meli. Sisi tuna umeme mzuri na bandari yenye shughuli nyingi, na nguvu yetu iko kwenye gati.

Haya yote yana bei, na hapa ndipo mwananchi wa Kilifi anapopaswa kufungua macho. Methanoli ya kijani ni ghali mara mbili au zaidi ya mafuta mazito. Nchi inayoagiza mchele, ngano, mafuta ya kupikia na mitumba kwa meli italipa sehemu ya tofauti hiyo, na ndani ya nchi hiyo, anayetumia nusu ya kipato chake kwa chakula ndiye atakayeumia kwanza. Swali la nani analipa na pesa zinakwenda wapi ndilo zito kuliko yote.

Tayari tumeanza kulipa. Tangu Januari 2024 Umoja wa Ulaya umeziingiza meli katika soko lake la vibali vya kaboni. Safari inayoingia au kutoka bandari ya Ulaya kwenda nje huhesabiwa nusu ya moshi wake. Kampuni zilianza kwa kulipia asilimia 40 ya hesabu ya 2024, kisha 70 kwa 2025, na kuanzia hesabu ya 2026 asilimia 100. Kampuni za meli zimeongeza ada kwenye kila kontena ili kufidia. Kwa hiyo robota la Vipingo linaloteremshwa Rotterdam, na parachichi zilizo jirani nalo, huchangia. Pesa huingia katika hazina za nchi za Ulaya na mifuko yao ya uvumbuzi. Siwalaumu kwa kutoza moshi. Nawalaumu kwa kuzihifadhi kwao pesa zilizotokana na mzigo wetu.

Ndiyo maana mikutano ya IMO mjini London ilikuwa na maana kubwa kwetu kuliko vyombo vya habari vya Kenya vilivyoonyesha. Julai 2023 nchi wanachama zilikubaliana meli zifikie uchafuzi halisi wa sufuri ifikapo 2050 au karibu na hapo. Mwaka huo huo Kenya ilimsimamisha Nancy Karigithu, aliyewahi kuwa Katibu wa wizara anayehusika na masuala ya bahari, kugombea ukatibu mkuu wa shirika hilo. Kiti kilimwendea Arsenio Dominguez wa Panama. Aprili 2025 ukapitishwa mswada wa mfumo wa kutoza: meli zenye ukubwa wa zaidi ya tani 5,000, ambazo hutoa asilimia 85 ya kaboni ya usafiri wa kimataifa wa baharini, zingepewa kiwango cha moshi, na kila tani inayozidi ingelipiwa dola 100 au 380 kulingana na ukubwa wa kosa. Fedha zingeingia mfuko mmoja wa dunia, wenye jukumu la kuzawadia mafuta safi, kuwafunza mabaharia na kuzisaidia nchi zinazoendelea.

Ilibaki kura ya mwisho Oktoba 2025. Marekani ilitishia nchi zitakazouunga mkono kwa vikwazo vya viza, ushuru na ada za bandari. Saudi Arabia ikapeleka hoja ya kuahirisha kwa mwaka mmoja, nayo ikapita kwa kura 57 dhidi ya 49. Mfuko ukabaki karatasini, huku ule wa Ulaya ukiendelea kujaa.

Kenya ina deni la maneno yake katika jambo hili. Azimio la Nairobi, lililotolewa na viongozi wa Afrika Septemba 2023 pale KICC, liliitaka dunia iwe na ushuru wa kaboni unaogusa pia usafiri wa meli. Kenya, Ufaransa na Barbados ndizo zinazoongoza kikosi cha kimataifa kinachotafuta ushuru wa namna hiyo. Nchi iliyoyasema hayo mbele ya dunia haiwezi kwenda London kimya. Na ikienda, isiishie kudai ushuru. Idai kifungu kinachosema sehemu ya pesa irudi kwenye bandari zinazopokea meli, kwa kazi zinazoonekana kama waya wa gatini na mpangilio wa muda wa kufika, na kinachozilinda nchi zinazoagiza chakula zisipigwe na nauli.

Niseme pia neno kuhusu mikoko, kwa sababu kampuni nyingi hupenda kununua vibali vya kaboni vya miti badala ya kupunguza moshi wao. Mikoko ya Mida, ya Ngomeni na ya Marereni inastahili kulindwa na kupandwa upya, maana ndiyo kitalu cha samaki na kamba, na ndiyo ngome ya pwani. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza vibali kwa zaidi ya miaka kumi na wanakijiji wakapata maji na vifaa vya shule. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2023, inataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka kwa miradi ya ardhini. Ni jambo zuri. Hata hivyo mkoko uliopandwa Mida hauipi meli ruhusa ya kuendelea kufuka kwa miaka 30 mingine, na jamii za Kilifi zinazofuatwa na madalali wa kaboni ziusome mkataba mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kutia sahihi.

Waliobaki ni watu. Vijana wa Kilifi na Malindi wamekuwa mabaharia tangu zama za mitepe, na leo wanajiunga na Chuo cha Bandari Maritime Academy, Mombasa, wakitafuta kazi kwenye meli za kampuni za nje. Meli wanazokwenda kuzifanyia kazi zinabadilika. Moto wa methanoli karibu hauonekani kwa macho mchana; anayeuzima lazima awe amefunzwa kuutafuta. Amonia ikivuja ndani ya chumba cha injini inaweza kuua watu kabla hawajaufikia mlango. Kampuni itakayomiliki meli hizo haitamwajiri kijana ambaye cheti chake kinaishia kwenye dizeli. Anayejiandikisha leo akiwa na miaka 20 atakuwa bado hajastaafu mwaka 2050, na mafunzo hayo anayahitaji sasa, kwa mitambo halisi ya mazoezi na walimu waliokwishazishika injini hizo kwa mikono yao. Gharama yake ni kubwa kwa chuo kimoja cha Mombasa. Kwa mfuko unaongoja kura London, ni ndogo sana, na ndiyo ombi la kwanza ambalo wajumbe wa Kenya wangepaswa kuliweka mezani.